TREKTA LIKILALA, BETRI HAILALI

Mvua za kwanza hazimngoji mtu. Zikinyesha hapa Urambo, kila mkulima anataka shamba lake lilimwe leo leo. Basi trekta likikataa kuwaka, siku zinapita na wakati wa kupanda unapotea. Mara nyingi injini ni nzima. Kilichokufa ni betri, tena imekufa trekta likiwa limeegeshwa tu. Kwa hiyo sisi wa elimu ya watu wazima tumeonelea tulieleze jambo hili.

Urambo ilijuana na matrekta zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango huo uliachwa mwaka 1951. Lakini kazi ya trekta ni ile ile ya msimu: hulima wiki chache, kisha husimama miezi mingi. Hapo ndipo betri huharibika.

Kwa nini betri hufa?

Ndani ya betri mna mabamba ya risasi yaliyozama katika maji makali yaitwayo tindikali. Umeme wake hupungua kidogo kidogo kila siku, hata kama haitumiki. Ni kama mtungi unaovuja: huteki maji, lakini yanapungua. Ulaya, wakati wa baridi kali, watu huogopa betri isiyo na chaji isigande. Kwetu adui ni joto. Joto likizidi, umeme hupotea upesi zaidi.

Umeme ukipungua, chumvi nyeupe hushika kwenye mabamba. Ukichaji mapema, chumvi hiyo huondoka. Ukichelewa miezi, inakuwa ngumu kama ukoko wa sufuria, na betri haishiki chaji tena.

Tufanye nini?

1. Jaza chaji kabla ya kuliegesha trekta.

2. Fungua waya wa kutoa (−) kwanza, halafu wa kujumlisha (+). Matrekta mengi waya wa kutoa umefungwa kwenye chuma cha trekta. Ukianza na wa kujumlisha, spana ikagusa chuma, cheche zitaruka. Siku ya kurudisha, waya wa kutoa ufungwe mwisho.

3. Ukiona unga mweupe kwenye vichwa vya betri, uoshe kwa maji yenye magadi. Vifuniko viwe vimebana, magadi yasiingie ndani. Kausha, kisha paka grisi.

4. Kama betri ni ya vifuniko, maji yafunike mabamba. Yakipungua, ongeza maji safi ya betri, siyo tindikali. Usitie maji ya kisima. Hata ukiyachemsha, chumvi yake hubaki.

5. Iweke kivulini, pakavu, mbali na watoto na moto. Wengine husema betri ikikaa sakafuni, umeme hukimbilia ardhini. Betri za siku hizi zina ganda la plastiki, umeme haupiti. Ubao ni wa kuikinga na unyevu tu.

6. Kila mwezi ipime kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha kama 12.6. Ikifika 12.4, peleka ikachajiwe. Paneli ya sola nayo inafaa, ikiwa na kile kiboksi cha kuzuia umeme usizidi. Kuliwasha trekta dakika chache na kulizima hakutoshi kurudisha umeme uliopotea.

Tahadhari

Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usisogeze kibatari, kiberiti wala sigara. Tindikali ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa muda mrefu, kisha wahi zahanati.

Ndugu wasomaji, trekta la kikundi lina wenyewe wengi. Kila mmoja akisema mwenzangu ataipima betri, haitapimwa. Mteueni mtu mmoja, na aandike tarehe na kipimo katika daftari. Kusoma na kuandika tulikojifunza kutatulimia shamba.

Maswali ya kujadiliana

1. Baada ya kulima, betri ya trekta lenu huwekwa wapi?
2. Nani huipima kila mwezi?