Je, Wajua? Kamanda wa Msituni Aliyepita Kasese

Je, wajua kwamba kamanda aliyeongoza wapiganaji wa NRA, jeshi la waasi la Uganda, katika milima ya Rwenzori mwaka 1985, upande wa Kasese na Fort Portal, alikuwa mkimbizi? Fred Rwigyema alitoka Rwanda akiwa mtoto, akalelewa kambini Ankole. Tarehe 6 Februari 1981 alikuwa miongoni mwa watu wenye bunduki 27 walioshambulia kambi ya kijeshi ya Kabamba. Ushindi wa NRA wa 1986 ulimpa cheo jeshini, akawa meja jenerali na naibu waziri wa ulinzi. Lakini cheo, hata kiwe kikubwa namna gani, hakimpi mtu nchi. Mwaka 1982 wenye asili ya Rwanda walifukuzwa makwao huko magharibi mwa Uganda, na vijana wengi wakakimbilia msituni kujiunga na NRA. Walipigana, wakashinda, bado wakaitwa wageni. Rwigyema mwenyewe aliondolewa madarakani mwaka 1989.

Wapo wasemao angerudi kwao vyovyote vile, maana damu ni nzito. Hoja hiyo ina uzito, kwani wakimbizi walikuwa wameunda RPF, chama chao cha kurejea Rwanda, tangu 1987. Hata hivyo haielezi kwa nini maelfu waliokulia Uganda, wakiwa na mishahara na sare za jeshi la taifa, waliacha vyote kwa siku moja. Tarehe 1 Oktoba 1990 walivuka mpaka Kagitumba, wakaingia Rwanda. Kesho yake Rwigyema aliuawa.