Anaongoza leo, anashindwa Novemba: Jinsi ya kusoma tafiti za mapema za ugavana Marekani

Novemba 3, 2026 ndiyo siku ya uchaguzi wa magavana katika majimbo 36 ya Marekani. Lakini vichwa vya habari havingoji siku hiyo. Miezi mingi kabla, simu yako inaanza kukwambia: fulani anaongoza, fulani ameporomoka, hawa wawili wanakabana koo.

Habari hizo hutokana na tafiti za maoni. Watu mia kadhaa huulizwa, "Uchaguzi ukifanyika leo, utampa nani kura?" Majibu yao ndiyo yanayogeuzwa kuwa asilimia.

Sasa, mbona kuna wanaoongoza kwa miezi halafu wanaangukia pua siku yenyewe?

Kwa nini tafiti hizi zina uzito

Gavana wa jimbo Marekani ana mamlaka makubwa kuliko gavana wa kaunti nchini Kenya. Anaweza kuukataa mswada uliopitishwa na bunge la jimbo, na ndiye anayeongoza kikosi cha Walinzi wa Taifa cha jimbo lake.

Mfano ni Minnesota, jimbo lenye Wakenya na Wasomali wengi. Mwaka 2023, Gavana Tim Walz alitia saini sheria inayowaruhusu wakazi kupata leseni ya udereva bila kujali hadhi yao ya uhamiaji. Gavana mwingine angeweza kuukataa mswada huo.

Tafiti za mapema husaidia kuamua nani atafika mbali katika mbio hizo. Wafadhili huzitazama kabla ya kutoa hela, na waandaaji wa midahalo huzitumia kuchagua wa kualika. Mgombea mwenye asilimia 4 anaweza kukosa pesa, akakosa matangazo, akajiondoa kabla mtu hata mmoja hajapiga kura.

1. Mapema, watu hutaja jina wanalolijua

Virginia, 2021. Terry McAuliffe wa chama cha Democratic alikuwa amewahi kuwa gavana wa jimbo hilo. Mpinzani wake wa Republican, Glenn Youngkin, alikuwa mfanyabiashara ambaye hajawahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa. Tafiti nyingi za katikati ya mwaka zilimweka McAuliffe mbele.

Kisha mambo yakabadilika. Youngkin alimwaga pesa kwenye matangazo, watu wakamjua. Mwishoni mwa Septemba, katika mdahalo, McAuliffe alisema haamini kwamba wazazi wanapaswa kuziambia shule nini cha kufundisha. Youngkin aliidaka kauli hiyo na kuigeuza silaha. Novemba, akashinda kwa takriban pointi 2.

Je, tafiti za mwanzo zilidanganya? Hapana. Zilipima hali ya wakati ule. Zile za siku za mwisho zilionyesha kabisa kuwa pengo limefutika.

2. Kabla ya mchujo, wengi hawajafuatilia

Florida, 2018. Katika mchujo wa Democratic, Andrew Gillum alikuwa nyuma ya Gwen Graham na wengine karibu kampeni nzima. Agosti 28, akashinda kwa takriban asilimia 34 ya kura.

Kwenye mchujo, wagombea wote ni wa chama kimoja, kwa hiyo mpiga kura hana rangi ya chama ya kumwongoza. Wengi huamua wiki za mwisho. Usishangae basi mtu wa tatu au wa nne akiibuka mshindi.

Na hadithi haikuishia hapo. Tafiti nyingi za uchaguzi mkuu zikampa Gillum uongozi mdogo. Ron DeSantis wa Republican akamshinda kwa kura zipatazo 32,000 kati ya zaidi ya milioni 8.

3. Swali gumu zaidi: nani atajitokeza?

Minnesota, 1998. Jesse Ventura, aliyekuwa mwanamieleka wa televisheni, aligombea kwa tiketi ya chama kidogo cha Reform. Septemba alikuwa na takriban asilimia 10 tu. Mbele yake walikuwa Hubert Humphrey wa tatu, mwanasheria mkuu wa jimbo, na Norm Coleman, meya wa St. Paul.

Matokeo: Ventura 37, Coleman 34, Humphrey 28.

Ventura aliruhusiwa kushiriki midahalo, na huko ndiko alikopanda. Pia Minnesota inaruhusu mtu kujiandikisha siku hiyohiyo ya kura. Mamia ya maelfu walifanya hivyo, wakiwemo vijana wengi. Watafiti wanaohesabu tu "wanaotarajiwa kupiga kura" ni rahisi kuwakosa watu wa aina hiyo.

Leo kuwapata watu ni kazi zaidi. Kwa mujibu wa kituo cha Pew, mwaka 1997 asilimia 36 ya waliopigiwa simu walikubali kuhojiwa. Kufikia 2018, ni asilimia 6 tu.

4. Hesabu ya pengo

Tuseme utafiti umehoji watu 600. Kiwango chake cha makosa ni takriban pointi 4 juu au chini. Mgombea A ana 46, B ana 42. Kichwa cha habari kitasema "A anaongoza kwa pointi 4".

Lakini A anaweza kuwa popote kati ya 42 na 50, na B kati ya 38 na 46. Yaani hata B anaweza kuwa ndiye aliye mbele. Halafu kuna asilimia 12 iliyobaki: wasioamua, au wanaomtaka mtu mwingine. Hao peke yao ni mara tatu ya pengo lenyewe.

5. Hata za mwisho huteleza

New Jersey, 2021. Utafiti wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Monmouth ulimpa Gavana Phil Murphy uongozi wa pointi 11. Alishinda kwa takriban 3. Mkuu wa utafiti huo, Patrick Murray, aliandika makala akikiri kuwa alikosea, akahoji kama wakati umefika wa kuachana na tafiti za uchaguzi.

Kabla hujaisambaza WhatsApp, uliza haya

- Nani kalipia? Kampeni hutoa hadharani utafiti unaoipendeza na kuufungia kabatini usioipendeza.
- Waliohojiwa ni nani? Watu wazima wote, waliojiandikisha, au wanaotarajiwa kupiga kura? Majibu hutofautiana.
- Lini? Utafiti unaochapishwa leo huenda ulifanywa wiki tatu nyuma.
- Wasioamua ni wangapi? Wakizidi pengo, mbio bado mbichi.
- Tafiti nyingine zinasemaje? Mmoja peke yake ni tetesi. Watano wakielekea upande mmoja, hapo kuna jambo.

Hii haimaanishi tafiti ni bure. Mgombea anayeongoza kwa pointi 20 mwezi Oktoba, kwenye tafiti zote, kwa kawaida hushinda. Lakini pointi 4 za mwezi Machi, wakati nusu ya wapiga kura hawajui hata majina ya wagombea, bado hazijamchagua mtu. Mgombea wako akiwa nyuma mapema hivyo, hiyo si sababu ya kukata tamaa. Na akiwa mbele, si sababu ya kubaki nyumbani siku ya kura.