Kufoka au Kughani? Asili ya Rapu na Nafasi Yake katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Muziki wa rapu ulipopewa jina la Kiswahili, uliitwa muziki wa kufokafoka. Kitenzi *foka* kina maana ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili anazifahamu: chungu hufoka kinapochemka hadi kumwagika, na mtu hufoka anaposema kwa hasira na ukali. Waliobuni istilahi hiyo walisikia ukali wa sauti, lakini hawakusikia vina. Makala haya yanadhamiria kueleza asili ya rapu na njia iliyopitia hadi kufika Nairobi, kisha kuonyesha kwamba anachokitenda msanii wa rapu kwa Kiswahili ni kughani zaidi kuliko kufoka.

Asili ya Rapu

Historia ya rapu aghalabu huanzishwa Bronx, jijini New York. Tarehe 11 Agosti 1973, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc, alipiga muziki katika karamu iliyoandaliwa na dada yake kwenye jengo moja la barabara ya Sedgwick. Ustadi wake ulikuwa kutumia nakala mbili za santuri moja ili kuirefusha ile sehemu ya wimbo ambapo ngoma husikika peke yake. Juu ya ngoma hiyo yalitiwa maneno ya kuwachangamsha wachezaji, desturi iliyokuwa imezoeleka Jamaika. Maneno hayo yalizidi kurefuka na kupata vina, na hatimaye yakawa ndiyo kiini cha sanaa yenyewe. Mwaka wa 1979 kundi la Sugarhill Gang lilitoa santuri iliyovuma duniani. Mwaka wa 1982, Grandmaster Flash na kundi lake la Furious Five walitoa "The Message", wimbo ulioigeuza rapu kutoka burudani ya karamu na kuwa sauti ya mtaa wa maskini.

Wapo wanaoinasibisha rapu na magriyo wa Afrika Magharibi, yaani watunzi waliohifadhi nasaba na kusifu watawala. Dai hilo lina uzito, ila linahitaji tahadhari. Ujumi wa wawili hao unafanana, lakini kufanana si lazima kuwe nasaba ya moja kwa moja.

Rapu Yawasili Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki, Kiswahili kilipimwa kwanza Dar es Salaam. Mwaka wa 1991 Saleh Jabir alivuma kwa kutia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani. Baadaye walifuata Kwanza Unit, Mr II na Profesa Jay, ambao hawakutafsiri tena nyimbo za wengine bali walitunga zao.

Nairobi ilikuwa na hali yake. Utawala wa kikoloni uliligawa jiji hili kwa rangi: Wazungu walikaa kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi wakapewa Parklands na Ngara, nao Waafrika wakasukumwa Eastlands. Baada ya uhuru, mpaka wa rangi uliondolewa na mpaka wa fedha ukashika nafasi yake. Dandora, mtaa ulioanzishwa katika miaka ya 1970, ulikua kando ya jalala kuu la jiji. Huko ndiko lilikotoka kundi la Kalamashaka, ambalo wimbo wake "Tafsiri Hii" ulivuma mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo wasanii wengi wa rapu nchini walikuwa wangali wakighani kwa Kiingereza.

Jina la wimbo huo ni amri. Msikilizaji anaambiwa atafsiri, na mwenye haja kubwa ya tafsiri hakuwa mkazi wa Dandora bali mkazi wa upande wa pili wa jiji. Kituo cha Capital FM kilikuwa kimeanza kutangaza mwaka wa 1996, baada ya utangazaji kuondolewa katika ukiritimba wa serikali. Kwa redio na kwa matatu, sauti ya Eastlands iliweza kumfikia mwanafunzi wa sheria aliyekuwa akielekea kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Parklands. Kijana wa Dandora aliyefika Parklands aghalabu alifika akitafuta kibarua, na alitazamwa kwa shaka. Sauti yake iliingia bila kubisha hodi.

Vina, Mapigo na Majigambo

Je, sauti hiyo ni ushairi? Swali hili linafanana na lile lililozua mgogoro mkali baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha *Kichomi* mwaka wa 1974. Wanamapokeo walishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Ajabu ni kwamba kwa kigezo hicho, rapu ina dai kubwa kuliko mashairi huru, kwa kuwa haiwezi kusimama bila vina.

Tofauti iko katika mizani. Katika tarbia ya kawaida, kila mshororo huwa na mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Mwanarapu hahesabu silabi. Huhesabu mapigo ya ngoma, kwa kawaida manne, na ndani yake anaweza kuingiza silabi nyingi au chache mradi asiachwe na ngoma. Kwa hivyo rapu ina arudhi, ila si arudhi ya silabi.

Kuhusu vina, Kiswahili kina neema ambayo pia ni mtego. Kwa kuwa maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, kina cha silabi moja hupatikana bila jasho; kiambishi *-ni* cha mahali peke yake kinaweza kujaza wimbo mzima. Mwanarapu hodari hatosheki na hilo. Hutafuta kina cha silabi mbili au tatu, kama kile kinachounganisha *sumbuka* na *kumbuka*, na hukificha katikati ya mshororo mahali ambapo msikilizaji hakukitarajia. Washairi wa kale walikiita kina cha namna hiyo cha kati.

Aidha, kule kujisifu kwa wanarapu kunakowaudhi wengi kuna jina katika fasihi simulizi: majigambo. Nako kushindana kwao kwa maneno ni jamaa ya malumbano aliyoyaendesha Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa ikihasimiana.

Athari katika Lugha na Siasa

Mwaka wa 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji lilitoa wimbo "Unbwogable". Mwanamofolojia atafurahia neno hilo: mzizi wake ni wa Kidholuo, *bwogo*, wenye maana ya kutisha, nao umevishwa viambishi viwili vya Kiingereza ili kupata maana ya asiyetishika. Muungano wa NARC uliufanya wimbo huo kuwa wa kampeni, na mnamo Desemba mwaka huo utawala wa KANU uliokuwapo tangu uhuru ukafikia kikomo. Nchini Tanzania, Mr II, yaani Joseph Mbilinyi, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka wa 2010. Profesa Jay, yaani Joseph Haule, akamfuata mwaka wa 2015.

Mfano mwingine unawahusu wanafasihi moja kwa moja. Mwaka wa 1981 Alamin Mazrui alichapisha tamthilia ya *Kilio cha Haki*, inayosawiri madhila ya wafanyakazi wa shambani. Mwaka wa 2004 wasanii wa Ukoo Flani Mau Mau, kundi lililounganisha vijana wa Mombasa na wa Dandora, walishiriki katika albamu yenye jina lilo hilo. Tamthilia imehakikiwa mara nyingi katika idara za Kiswahili. Albamu je?

Haifai kuficha dosari. Nyimbo nyingi zimewadhalilisha wanawake, ingawa wasanii kama Nazizi walithibitisha kwamba uwanja huo si wa wanaume pekee. Matumizi ya Sheng nayo huwatia hofu walinzi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, dosari ni sababu ya kuhakiki, si sababu ya kunyamaza. E-Sir, ambaye jina lake halisi lilikuwa Issah Mmari, alisifiwa kwa ufasaha wake wa Kiswahili, naye alifuatwa na vijana ambao hakuna ngonjera iliyowahi kuwavuta.

Hitimisho

E-Sir alifariki katika ajali ya barabarani mwezi wa Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 21. Kanda za miaka hiyo zinachakaa, na maneno ya Sheng yaliyomo yanasahaulika upesi kuliko ya Kiswahili cha kale, kwa sababu Sheng hubadilika kila kizazi. Muyaka naye hakuacha diwani. Beti zake zilikuwa vichwani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmisionari William Taylor, nusu karne baada ya mtunzi kufariki. Bila kazi hiyo, Muyaka angekuwa jina tu.

Kwa hivyo, kazi iliyo mbele ya vyama vya Kiswahili vyuoni ni ya kawaida na inawezekana: kusikiliza, kunukuu, kutia tarehe na kufafanua msamiati wakati watunzi wengi wangali hai na wanaweza kuulizwa. Kutoka Parklands hadi Dandora ni safari ya matatu mbili. Mwalimu Sikujua wa Dandora ni nani?