Wito wa Vita na Mzigo wa Msituni

Ikitajwa propaganda ya vita, wengi hukumbuka mabango ya Ulaya na Marekani: mwanamke wa kiwandani aliyekunja ngumi, familia inayohimizwa kulima mboga uani. Mabango hayo yalifanya kazi, ila si kwa uzuri wa michoro. Uingereza ilianza kugawa chakula kwa vipimo Januari 1940, na kitabu cha mgao kilimfikia mke wa tajiri kama kilivyomfikia mke wa mchimba makaa. Bango lilisema jambo ambalo jiko la kila nyumba lilikuwa tayari limelithibitisha. Raia huuamini wito wa vita pale anapoona mzigo unagawanywa. Masisi na Walikale, maeneo ya mashariki mwa Kongo, zinatuonyesha yanayotokea usipogawanywa.

Ubelgiji ilisalimu amri kwa Wajerumani Mei 1940, lakini Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo, koloni la Ubelgiji, upande wa Washirika. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na Singapore, na mpira na bati za Asia zikakatika. Kongo ikatakiwa kuziba pengo. Mwaka huohuo siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee wao waliijua tangu enzi ya Mfalme Leopold. Huko New York, ofisi ya habari ya Ubelgiji ilikuwa ikieneza sifa za Kongo iliyo vitani. Sifa hizo zililenga wasomaji wa Marekani. Mgema mpira yeye aliletewa amri na chifu na polisi, na fimbo nyuma yao.

Hakuna aliyemweleza kwa nini, na nafasi hiyo tupu ikajazwa na wahubiri wa Kitawala, dini iliyochipuka kutoka Watch Tower. Hawakuwa na redio. Walipita vijiji vya Wakumu kwa miguu wakitangaza kwamba utawala wa wazungu unakaribia kwisha, na msikilizaji aliyetoka kutumikia siku zake za lazima hakuhitaji ushahidi zaidi. Mwanzoni mwa 1944, chini ya kiongozi wao Bushiri Lungundu, maasi yalilipuka katika eneo la Masisi na Lubutu. Jeshi la koloni liliyazima kwa damu.

Mtu anaweza kupinga: huo ulikuwa ubabe, si propaganda, na watu wasiosoma wangefanya nini na bango? Lakini wakoloni hawakukosa njia ya kusema na watu hao. Walikuwa na machifu, mimbari za misioni na mikutano ya kijiji. Walichokosa ni cha kuwaambia. Mwingine atasema vita dhidi ya Hitler ilikuwa ya haki. Ilikuwa ya haki, nakubali bila kusita, ila haki hiyo haikumpunguzia mgema hata siku moja kati ya zile 120.

Sasa tazama wito wa karibu. Baada ya waasi wa M23 kuteka mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022, Rais Félix Tshisekedi, tarehe 3 Novemba, aliwataka vijana wajiunge na jeshi na kuunda vikundi vya ulinzi. Tofauti na 1942, safari hii wengi waliitika kwa hiari. Vikundi vyenye silaha vilivyokuwa vimekutana Pinga, Walikale, Mei mwaka huo na kuahidiana kutopigana vilipata jina la heshima, Wazalendo, na sheria ya 2023 ikaanzisha jeshi la akiba. Hoja ya kuwatetea ina uzito: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa msaada wa Rwanda kwa M23, na kijana ambaye kijiji chake kimechomwa hahitaji bango limwambie adui yuko wapi.

Hata hivyo, kuitika ni jambo moja, kubeba ni lingine. Katika milima hii wenye bunduki wamezoea kuuza jetoni, kikaratasi cha kodi kinachomruhusu mkulima apite, na kuweka bariere, vizuizi vya kutoza watu, njiani. M23 nao huita watu mikutanoni, kisha huwapeleka salongo, kazi ya lazima ya pamoja, bila malipo. Mama anayeshuka na muhogo kutoka Nyabiondo hulipa, bendera iwe ya nani. Vibaya zaidi, wito unaotaja adui kwa kabila badala ya kwa matendo humtwisha jirani Mtutsi au Mhutu mzigo wa vita ambayo hakuianzisha. Hapo serikali ilipaswa kusema kwa sauti ileile iliyotumia kuita vijana.

Masisi-centre ilianguka Januari 2025, na Walikale-centre Machi 19. Hamasa haikuwa imepungua. Kilichokosekana ni posho ya mpiganaji inayofika kwa wakati, amri moja, na marufuku ya jetoni inayotekelezwa. Anayetaka kuwaita tena watu wa Masisi na Walikale aanze na hayo matatu kabla ya kutunga wimbo mwingine.