Si kila anayesusa chakula ana maringo

Binti anayesusia chakula huambiwa anaringa au anaiga uzungu, na wazo la ugonjwa huja baadaye, pengine akiwa ameshazirai. Wanaosema matatizo ya ulaji ni ya Wazungu wana sababu, maana ni daktari wa London, William Gull, aliyetoa jina la anoreksia nevosa, ugonjwa wa kujinyima chakula, mwaka 1873. Lakini huko Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa kama unavyosifiwa kwetu, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker akawahoji wanafunzi wa kike. Mwaka huo hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Kufikia 1998 waliokiri walikuwa asilimia 11.3. Utafiti ulikuwa mdogo, na televisheni haikuwa badiliko pekee, ila ni wazi kwamba desturi ya kusifu unene haikuwakinga.

Unene wenyewe hauthibitishi kitu. Mwenye bulimia hula kwa pupa kisha hujitapisha, na uzito wake waweza kuwa wa kawaida kabisa huku potasiamu ikishuka mwilini na mapigo ya moyo yakivurugika. Kwa hiyo tuangalie mwenendo: anayekwenda chooni kila baada ya mlo, anayekwepa kula na wenzake, mwenye sugu kwenye vifundo vya vidole na meno yaliyolika.

“Si ale tu?” Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 waliochaguliwa kwa uzima wa mwili na akili. Wakaanza kuwaza chakula usiku na mchana, wakakusanya maelekezo ya mapishi, wakasononeka. Njaa yenyewe huvuruga akili, basi amri ya kula haitoshi. Tena aliyekonda mno akilishwa kwa haraka, fosfati hushuka ghafla katika damu na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana anahitajika mtaalamu wa lishe, akisaidiana na daktari na mwanasaikolojia.

Wataalamu ni wachache, hilo halina ubishi. Lakini hatuanzi na mikono mitupu: wodi zetu za watoto wenye utapiamlo mkali huanza kwa uangalifu na maziwa ya tiba yenye nguvu kidogo, F-75, ndipo yafuate yenye nguvu zaidi, F-100, kwa kuihofia hatari hiyohiyo. Muuguzi wa wodi hiyo anajua kumrudishia chakula aliyedhoofika. Asichofundishwa ni kukaa na binti wa miaka 17 anayekiogopa.