Mapishi ya Kiperanakan mjini Melaka

Mapishi ya Kiperanakan (pia: mapishi ya Kinyonya, kwa Kimalay: masakan Nyonya) ni upishi wa familia zilizotokana na wafanyabiashara Wachina waliohamia nchi za Kimalay na kuoa wanawake wenyeji. Hupatikana hasa Melaka na George Town (kisiwa cha Penang) nchini Malaysia, na katika Singapuri. Makala hii inahusu Melaka, mji wa bandari kwenye pwani ya magharibi ya rasi ya Malay. Pamoja na George Town, mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Vyakula vingi vinavyoipa Malaysia sifa vilianzia mitaani, katika mikokoteni na vibanda. Mapishi ya Kiperanakan ni kinyume chake: yalikuwa ya nyumbani, yakipikwa na wanawake kwa ajili ya jamaa, wageni na mizimu ya ukoo, na kwa muda mrefu hayakuuzwa. Hiyo ndiyo sababu ya ladha yake na ya matayarisho yake marefu. Ndiyo sababu pia mgeni anaweza kukaa Melaka siku tatu, akala vizuri, na akaondoka bila kuyaonja.

Jina

Neno Peranakan latokana na anak, yaani "mtoto" kwa Kimalay. Lamaanisha mzaliwa wa nchi ambaye asili ya ukoo wake ni ng'ambo. Mwanamume huitwa Baba na mwanamke Nyonya. Msomaji wa Kiswahili aangalie kwamba Baba hapa si mzazi wa kiume bali ni jina la heshima. Hata kijana asiye na mtoto ni Baba. Mwanamke mtu mzima huitwa bibik, neno ambalo kwa Mswahili halihitaji maelezo mengi.

Si Waperanakan wote wenye asili ya China. Melaka kuna pia Wachitty, wazao wa wafanyabiashara Wahindu kutoka India Kusini, ambao wana kijiji chao mjini, Kampung Chetti. Wao pia huzungumza Kimalay cha namna yao na wana mapishi yao. Hata hivyo jina likitajwa bila maelezo, kwa kawaida linamaanisha Baba na Nyonya wa asili ya Kichina.

Historia

Melaka ilianzishwa mnamo mwaka 1400 na Parameswara, mtawala aliyetoka Sumatra. Ilikua haraka kwa sababu ya pepo za msimu: merikebu kutoka India na kutoka China zilikutana hapo, na mabaharia walilazimika kungoja miezi kadhaa hadi upepo ugeuke. Mwanzoni mwa karne ya 15 meli za amiri Zheng He zilikuwa na ghala zao Melaka, katika safari zilezile ambazo baadhi yake zilifika hadi Malindi. Wareno waliuteka mji mwaka 1511, Waholanzi mwaka 1641, na kwa mkataba wa 1824 ukapita mikononi mwa Waingereza.

Masimulizi ya Kimalay yanasema binti mfalme wa China, Hang Li Po, aliolewa na Sultani Mansur Shah, na kwamba watu wa msafara wake ndio mababu wa Waperanakan. Habari hiyo haipatikani katika kumbukumbu za watawala wa China. Inayoaminika zaidi ni asili ya kawaida: wafanyabiashara, hasa wasemaji wa Kihokkien kutoka Fujian, walifika bila wake, wakaoa Melaka. Katika nyumba hizo baba alileta nguruwe, maharage ya soya yaliyochachushwa, tambi na ibada ya mababu. Mama alileta nazi, pilipili, ukwaju, mchaichai na lugha. Kwa kuwa mpishi alikuwa mama, jikoni kulizungumzwa Kimalay, na hadi leo majina mengi ya vyakula ni ya Kimalay hata pale ambapo nyama iliyomo ni ya nguruwe, ambayo Wamalay kama Waislamu hawali.

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 familia nyingi zilitajirika kwa biashara na mashamba ya mpira. Nyumba zao ndefu, nyembamba upande wa barabara na zenye kina kirefu, zilijaa Heeren Street. Mtaa huo sasa huitwa Jalan Tun Tan Cheng Lock, kwa heshima ya mwanasiasa Mperanakan aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha Wachina wa Malaya, kilichoundwa mwaka 1949. Jiko lilikuwa nyuma kabisa. Binti alijifunzia hapo chini ya usimamizi wa mama, bibi na shangazi, na upishi wake ulipimwa kabla ya kuolewa. Husimuliwa kwamba mama mkwe mtarajiwa aliweza kumpima msichana kwa kusikiliza tu mdundo wa mchi wake.

Utajiri huo ulivunjika wakati Wajapani walipoikalia nchi, 1942 hadi 1945. Baada ya vita familia nyingi hazikuweza tena kuweka watumishi, na vijana walihamia Singapuri na Kuala Lumpur kutafuta kazi. Chakula kinachohitaji siku mbili na mikono minne hakikuvumilia mabadiliko hayo kwa urahisi.

Namna ya upishi

Msingi wa vyakula vingi ni rempah, viungo vibichi vinavyotwangwa hadi kuwa rojo: vitunguu vidogo vyekundu, pilipili, manjano mabichi, mchaichai, mzizi wa lengkuas (jamii ya tangawizi) na kokwa zenye mafuta za kuleta uzito. Huongezwa belacan, yaani uduvi uliotiwa chumvi, ukachachushwa, ukapondwa na kukaushwa kuwa vipande. Harufu yake ni kali, lakini ikichomwa kidogo motoni hubadilika, na bila hiyo chakula huonekana hakina mwili. Rempah hukaangwa taratibu kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge. Wapishi wengi husema hapo ndipo kazi huharibika, kwa sababu mwenye haraka hutia tui mapema na mchuzi hubaki na ladha ya viungo vibichi.

Vipimo havikuandikwa. Neno la Kimalay ni agak-agak, "kwa kukadiria": mpishi hutazama rangi, hunusa, huonja. Utaratibu huo ulifanya mapishi kuwa siri ya nyumba, na mpishi alipofariki bila mwanafunzi, sahani fulani ilikwenda naye. Kitabu kimojawapo kilichosaidia kuyaandika ni kile cha Bi. Lee Chin Koon (Chua Jim Neo), mama wa Lee Kuan Yew aliyekuwa waziri mkuu wa Singapuri, kilichotolewa mwaka 1974.

Baadhi ya vyakula

Ayam pongteh ni kuku na viazi katika mchuzi wa vitunguu, soya iliyochachushwa na sukari ya mnazi. Hauna pilipili, ukali huletwa kando kwa sambal. Katika nyumba nyingi hupikwa kwa nguruwe, na hapo huitwa babi pongteh. Wengi husema ladha yake ni bora siku ya pili.

Ayam buah keluak ndicho chakula kinachoonyesha vizuri zaidi bidii ya upishi huu. Buah keluak ni mbegu za mti Pangium edule, ambazo nyingi huletwa kutoka Indonesia. Zikiwa mbichi ni sumu, maana hutoa sianidi, kama muhogo mchungu usioandaliwa. Kwanza huchemshwa, kisha hufukiwa katika majivu na udongo kwa muda wa siku 40 hivi, hadi nyama yake nyeupe inakuwa nyeusi na laini. Mpishi akishazinunua huziloweka siku kadhaa akibadilisha maji, huzisugua, na kutoboa mdomo mdogo katika ganda gumu. Nyama hutolewa, hutwangwa, mara nyingi pamoja na kamba au nguruwe, na kurudishwa ndani ya ganda. Mbegu hizo hupikwa pamoja na kuku katika mchuzi wa ukwaju. Mezani kila mtu hupewa kijiko kidogo cha kuchokolea ganda. Ladha yake haifanani na kitu kingine: ni ya udongo, chungu kidogo na nzito. Wageni wengine hawaipendi mara ya kwanza, na hilo si kosa la mpishi.

Laksa ya Kinyonya ya Melaka ni tambi katika mchuzi wa tui na rempah. Isichanganywe na asam laksa ya Penang, ambayo haina tui na mchuzi wake ni wa samaki na ukwaju. Penang ilipokea mambo mengi kutoka Siam, ilhali Melaka huelekea utamu na nazi.

Cincalok ni uduvi mbichi uliochachushwa kwa chumvi na wali katika chupa, maalumu kwa Melaka. Huliwa pamoja na vitunguu, pilipili na maji ya ndimu.

Vitafunio vitamu huitwa kuih. Vingi hutumia mchele wa kunata, tui, na majani ya pandan, mmea wa jamii ya mkadi, kwa harufu na rangi ya kijani. Buluu hutoka kwenye maua ya bunga telang. Onde-onde ni vidonge vilivyoviringishwa katika nazi iliyokunwa, na ndani yake mna gula melaka iliyoyeyuka. Anayeuma nusu tu atachafua shati. Gula melaka yenyewe ni aina ya sukari guru. Utomvu wa mnazi hugemwa kama tembo la pwani ya Afrika Mashariki, lakini huchemshwa kabla haujachachuka hadi uwe mzito, kisha kwa desturi humiminwa katika vipande vya mwanzi ili ugande.

Mahali pa kula

Wageni wengi huanzia Jalan Hang Jebat, inayojulikana zaidi kama Jonker Street, ambako kuna soko la usiku mwishoni mwa wiki. Hapo hupatikana cendol, yaani barafu iliyosagwa pamoja na tui, gula melaka na nyuzi za kijani za unga wa mchele. Jonker 88 ni duka linalojulikana kwa cendol na laksa. Lakini soko lenyewe ni la vyakula vya kila aina. Vidonge vya wali na kuku, ambavyo watalii hupanga foleni kuvipata, ni chakula cha Wahainan, si cha Kiperanakan.

Migahawa ya Kinyonya imo zaidi katika nyumba za kale za Jalan Tun Tan Cheng Lock, mfano Kocik Kitchen, na katika mitaa mipya ya Kota Laksamana iliyo karibu. Kwa kuih watu wa mji huenda Tengkera, ambako Baba Charlie ni jina maarufu. Inafaa kufika asubuhi. Anayetaka kuelewa chakula kabla ya kukila atembelee kwanza jumba la makumbusho la Baba na Nyonya katika Jalan Tun Tan Cheng Lock, lililofunguliwa mwaka 1985 katika nyumba ya familia ya Chan. Jiko lake, pamoja na vyombo vyake, hueleza mengi kuliko orodha yoyote ya vyakula.

Waislamu wanapaswa kuuliza. Kuna migahawa ya Kinyonya inayopika nguruwe, mingine isiyopika nguruwe lakini haina cheti, na mingine yenye cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali ya maendeleo ya Kiislamu. Maneno "hakuna nguruwe" mlangoni hayana maana sawa na cheti.

Hali ya sasa

Sheria iliyozuia kodi za nyumba za kale zisipande ilifutwa, na kinga yake ikakoma mwishoni mwa mwaka 1999. Baadaye hadhi ya UNESCO ilileta wageni wengi zaidi. Nyumba zilipata matengenezo, lakini nyingi ziligeuka hoteli, maduka ya zawadi na mikahawa, na wakazi wakahamia pembezoni. Hivyo mji wa kale una sahani nyingi za Kinyonya kuliko zamani na majiko machache ya Kinyonya. Migahawa hupunguza pilipili na belacan kwa ajili ya wageni, na hutumia mashine badala ya kinu. Ayam buah keluak mara nyingi haimo katika orodha, au lazima iagizwe mapema.

Mahali ambapo upishi wa zamani umedumu zaidi ni mbele ya madhabahu ya ukoo. Katika siku za kuwakumbuka wafu na Mwaka Mpya wa Kichina, familia huandaa vyakula ambavyo marehemu alivipenda, na havibadilishwi ovyo. Katika harusi kubwa huandaliwa tok panjang, meza ndefu yenye sahani nyingi kwa pamoja, ambapo kwa desturi watu walikula kwa mkono. Wanaohudhuria ni jamaa na waalikwa tu.