Duara la Ellis Island

Kila ninapozungumzia matusi ya kikabila, hakosi mtu wa kuniuliza kama Wamarekani walichukua neno letu "kike" wakaligeuza tusi la kuwatukania Wayahudi. Hapana. Wao huandika herufi zilezile nne, lakini hutamka "kaik", na neno hilo halina undugu wowote na mtoto wa kike wala saluni ya kike. Ni sadfa ya tahajia, basi.

Nilikusudia kuzipima hapa nadharia tatu za asili yake, kila moja kwa zamu. Bahati mbaya moja ni tamu mno.

Kisa chenyewe kilienezwa na Leo Rosten katika kitabu chake cha mwaka 1968, The Joys of Yiddish. Wayahudi waliofika Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, bila kujua herufi za Kilatini, waliambiwa watie alama ya X badala ya sahihi. X waliiona kama msalaba, wakakataa, wakachora duara. Duara kwa Kiyidishi ni "kaikel". Maafisa wakawabandika jina hilo.

Wasomaji hukipenda kisa hiki kama tunavyopenda hadithi za Bagamoyo na moyo uliobwagwa, na hakuna anayejisumbua kuuliza karatasi zilikwendaje. Mimi nauliza. Kituo kilifunguliwa mwaka 1892, na abiria akifika pale jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Makarani wa kampuni ya meli ndio walioandaa orodha ya abiria. Afisa wa Ellis Island alikuwa nayo mezani na kazi yake ilikuwa kuhoji: unakwenda kwa nani, nauli kalipa nani, mfukoni una kiasi gani? Yalikuwa mambo ya mdomo, si ya kalamu. Isitoshe, wengi wa wanaume wale walijua kuandika vizuri sana, ila kwa herufi za Kiebrania. Mtu anayeweza kuandika jina lake kwa herufi zake, duara la nini?

Orodha hiyohiyo inaangusha uzushi mwingine, kwamba maafisa wa kituo waliwabadilishia wahamiaji majina. Waliobadili walibadili wenyewe baadaye, na wengi walikwenda mahakamani New York kuomba ruhusa.

Nadharia ya pili naiona nzito zaidi. Wayahudi waliotoka Ujerumani walitangulia Marekani, wakawa na maduka na masinagogi yao. Tsar Alexander II alipouawa mwaka 1881, Wayahudi wa Urusi walishambuliwa, na kufikia 1924 Wayahudi wapatao milioni mbili wa Ulaya Mashariki walikuwa wamehamia Marekani, wengi wakiwa maskini, wengi na majina yanayoishia "-ski". Inasemekana wale wenyeji waliona aibu juu ya ndugu zao hawa, wakawakejeli kwa mwisho huo wa majina yao. Angalau hapa kuna mtu mwenye sababu ya kutukana. Ya tatu, inayolitoa neno kwenye "Ike", kifupi cha Isaac, sina la kuisemea.

Kinachonichosha hasa ni hoja kwamba, kwa kuwa "kaikel" ni duara tu, neno halina ubaya. Mwite babu wa mtu "jizee" kisha ujitetee kwamba mzizi ni uleule wa "mzee", uone utakavyotoka pale barazani. Wapoland husema "Żyd" wakimaanisha Myahudi, bila kejeli. Mrusi akisema "zhid" ametukana, na maneno yote mawili yametoka kwenye jina la Yuda. Tusi linajengwa na wanaolitumia, na "kaik" limetumika miaka zaidi ya mia kumdunisha mtu kwa kuzaliwa kwake.

Nawe unayeuza nguo za kike mtandaoni, kichujio cha matusi cha Kimarekani kikilizuia tangazo lako, usinyamaze. Waandikie, uwaambie hicho ni Kiswahili.